Ua Limehamishwa na Sasa Linanyauka: Kutafuta Chanzo, Dalili kwa Dalili, kwa Watu wa Lamu

Malalamiko kuhusu maua ya vyunguni hapa Lamu hurudi kila mwaka, na huja kwa majira. Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma na maji ya visima yakishuka, watu husema majani yanaungua kingo. Juni na Julai, kusi ikipiga dari, yaani paa bapa la nyumba, husema ua limepukutika lote. Na mwaka mzima, mtu akinunua mche kitaluni au akiletewa na jamaa kutoka Nairobi, maneno ni haya: lilikuwa zuri kwenye mfuko, nimelihamisha, sasa linakufa.

Karibu kila mara kinachokimbiliwa kwanza ni mbolea, na mbolea hiyo ndiyo inayomaliza maua mengi. Ua lililohamishwa lina shida ya mizizi kabla ya kuwa na shida ya chakula. Katika mji wetu mizizi hushindwa kwa mambo mawili makubwa: maji na chumvi. Ama maji hayaifikii, ama yanaingia na hayatoki, ama yanayoingia yana chumvi. Kwa hiyo usitie kitu chochote chunguni kabla ya kutazama chini.

Kabla ya dalili yoyote: fanya haya

Ingiza kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Usiridhike na juu, kwa sababu upepo wa bahari hukausha juu kwa saa chache na chini pakabaki tope. Kisha nyanyua chungu. Ukizoea uzito wake baada ya kumwagilia na uzito wake kikiwa kikavu, mkono utakwambia mengi kuliko jicho.

Kama bado huelewi, laza chungu ubavu, gongagonga, ulitoe bonge la udongo zima. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa na ukiibana ni migumu. Iliyooza ni ya kahawia au nyeusi. Ukiivuta kwa vidole viwili, ngozi yake inavuka na kubaki uzi mwembamba mkononi, na udongo unanuka yai viza. Ukishaiona mara moja hutaisahau.

Kwa ua lililobaki vijiti vitupu, kwangua gome kwa ukucha kuanzia ncha kushuka chini. Penye kijani kibichi pako hai. Penye kahawia kavu pamekufa, pakatwe. Usiling'oe ua kwa sababu tu halina majani.

Limenyauka ndani ya wiki mbili za kwanza

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi, na ina vyanzo kadhaa vinavyofanana kwa macho lakini tiba zake zinapingana. Ukikosea hapa, unaua.

Kinachotokea mara nyingi zaidi ni mizizi kukatika wakati wa kuhamisha, ikabaki michache kuliko majani inayoyalisha. Utaijua kwa saa: ua linalegea adhuhuri, na alfajiri unalikuta limesimama tena, na udongo una unyevu wa kutosha. Hapo halitaki maji zaidi. Linataka kivuli na kinga ya upepo. Simamisha kuti lililosukwa au mkeka mkuukuu upande upepo unakotokea, uache kwa siku 10 hadi 14, halafu uondoe kidogo kidogo: kwanza asubuhi tu, baadaye siku nzima. Ondoa maua na matumba yote, hata kama roho inauma, na punguza matawi marefu, lakini usizidi theluthi moja ya mmea.

Bogenvilia lina neno lake hapa. Mizizi yake ni laini, huvunjika upesi na haishiki udongo. Ukiling'oa kwenye mfuko kwa kulivuta shina, bonge linasambaratika mkononi na mizizi midogo yote inaondoka nayo. Mwagilia siku moja kabla, kata kitako cha mfuko, uliweke ndani ya shimo na mfuko wake, ndipo upasue ubavu na kuutoa mfuko polepole. Usilikung'ute, na usitanue mizizi yake kama unavyofanya kwa mimea mingine. Na kazi yote ifanywe alasiri jua likipoa, sio saa nne asubuhi.

Chanzo cha pili ni bonge kavu ndani ya udongo mbichi. Miche mingi ya kitaluni hukuzwa katika mchanganyiko mwepesi ambao ukikauka kabisa hukataa maji. Unamwagilia, maji yanapita pembeni na kutoka chini, unaona yametoka ukadhani yamefika. Choma kijiti karibu na shina: kikitoka kikavu huku pembeni kuna tope, umepata jibu. Tumbukiza chungu kizima katika beseni la maji baridi yasiyo chumvi, maji yafike karibu na ukingo, na uache hadi mapovu yakome. Nusu saa kwa kawaida inatosha. Kwa lililopandwa ardhini, jenga ukingo mdogo wa udongo kuzunguka bonge lenyewe na umimine polepole, kikombe baada ya kikombe.

Cha tatu ni kinyume chake: maji yamesimama. Majani yamelegea mchana na usiku, udongo umelowa, chungu kizito. Watu wakiona majani yamelegea huongeza maji, na hapo ndipo ua linapozama. Tazama matundu ya chini. Vyungu vya mapambo mara nyingi havina tundu lolote, na madebe yaliyotobolewa kwa msumari huziba kwa mizizi na udongo. Toboa matundu manne au matano, kila moja unene wa kidole. Kutia kokoto au vigae chini ya chungu kisicho na tundu hakusaidii. Maji hubaki yamening'inia kwenye udongo juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi kuliko kama kokoto zisingekuwepo. Kama mizizi imeoza, kata yote iliyooza kwa kisu kikali kilichooshwa, panda upya katika chungu kidogo kuliko cha kwanza, mwagilia mara moja, weka kivulini, na usimwagilie tena hadi kidole kikute ukavu.

Na visahani vya chini ya vyungu, vimwage. Mwaka 2004 homa ya chikungunya iliipiga Lamu vibaya sana, na mbu wake huzaliana katika maji ya kuhifadhi nyumbani na kwenye vyombo vidogo kama hivyo. Wazee walifuga visamaki katika birika, lile tangi la maji la nyumbani, wale viluwiluwi; kisahani hakina samaki, kwa hiyo kisikae na maji hata siku tatu.

Vyanzo vinavyofuata hutokea mara chache. Shingo ya mmea imezikwa: panda kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye mfuko, hasa midimu iliyounganishwa, ambayo kovu lake la kuunganishia lazima libaki juu ya udongo. Na samadi mbichi. Kinyesi cha punda kinapatikana kila kichochoro na ni mbolea nzuri sana, lakini kikiwa kibichi huchoma mizizi na huleta mbegu za magugu. Kilundike, kilowanishe, kifunike, kigeuze, na ukipe miezi mitatu au zaidi hadi kisiwe na joto wala harufu. Hapo sehemu moja ya samadi kwa sehemu tatu au nne za udongo inatosha.

Kingo za majani zimekuwa kahawia na kavu

Jani linaanza kuungua ncha, kahawia inapanda ukingoni, katikati pamebaki kijani. Lamu, mdhaniwa wa kwanza ni chumvi, na chumvi huja kwa njia nne. Zifuate kwa mpangilio huu.

Maji ya kisima. Kisiwani maji baridi hulala juu ya maji ya bahari chini ya ardhi. Mvua ikikosekana na kisima kikivutwa sana, chumvi hupanda. Ndiyo maana maji yaliyokuwa sawa Novemba yanaweza kuchoma majani Machi, katika kisima kile kile. Onja: yakionjeka chumvi, waridi na mdimu hayayataki. Kama unaweza kuazima kipimo cha kupitisha umeme kwenye maji, chini ya 0.7 dS/m (desisimens kwa mita) hakuna wasiwasi, kati ya 0.7 na 3 inategemea mmea na uangalizi, na juu ya 3 usiyatumie chunguni. Bogenvilia, oleanda na mkadi huvumilia zaidi kuliko waridi.

Halafu tazama chungu chenyewe. Ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye ubavu wa chungu cha udongo unaweza kuwa chumvi au unaweza kuwa chokaa, na tofauti ni muhimu. Kwangua kidogo, weka kwenye kigae, dondoshea ndimu. Ukitoa povu, ni chokaa, na shida yako iko katika sehemu inayofuata. Usipotoa povu na ukayeyuka upesi ndani ya maji, ni chumvi, ama ya kisima ama ya mbolea ya dukani iliyozidi. Tiba ni kuosha udongo: mimina polepole maji baridi, ya jabia (hodhi la kuhifadhia maji) au ya mvua, mara mbili ya ujazo wa chungu. Chungu cha lita 10 kinataka lita 20, kwa awamu, huku maji yakitoka chini na kumwagwa mbali. Fanya hivi kabla ya kaskazi kukolea na tena masika yakianza. Kumwagilia vikombe vidogo vidogo kila siku ndiko kunakojaza chumvi, kwa sababu maji hupotea hewani na chumvi hubaki.

Njia ya tatu husahaulika: makumbi, yale maganda ya nje ya nazi. Nyuzi za makumbi ni matandazo bora na huulegeza udongo vizuri, lakini makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusuka kamba yamejaa maji ya bahari. Yaloweke katika maji baridi na kuyamwaga, mara tatu, ndipo utumie. Kadhalika mchanga wa ufuoni: una chumvi, na vipande vyake vya kombe ni chokaa tupu. Wala usiende kuchota mchanga kwenye matuta ya Shela. Matuta yale ndiyo yanayochuja na kuhifadhi maji ya mvua ambayo mji huu unakunywa. Kuyachimba kwa ajili ya vyungu ni kuharibu maji ya kila mtu.

Ya nne ni upepo wenyewe, kwa nyumba za ukingo wa bahari na dari zilizo wazi. Utaitambua kwa kuwa upande mmoja tu wa mmea umeungua, ule unaotazama bahari. Suuza majani kwa maji baridi jioni baada ya siku ya upepo mkali, na weka kizuizi chenye matundu. Ukuta mzima huufanya upepo uzunguke na kupiga kwa nguvu upande wa pili. Makuti au fito zilizopangwa kwa nafasi huupunguza nguvu.

Kama chumvi si tatizo, kingo kavu huwa ni kiu ya kawaida, au joto la chombo. Dumu jeusi la plastiki au debe la bati likipigwa na jua la saa nane huunguza mizizi iliyogusa ubavu. Guso la kiganja linatosha: usipoweza kuushikilia mkono pale, mizizi nayo haiwezi. Tumbukiza chombo hicho ndani ya chungu kikubwa cha udongo na ujaze mchanga uliooshwa katikati, au kisogeze kivuli cha ukuta wa magharibi.

Majani mapya ni manjano, mishipa imebaki kijani

Nyumba zetu ni za matumbawe na chokaa, na ardhi ya chini ni hiyo hiyo. Chokaa ikizidi udongoni, chuma kilichomo hakipatikani kwa mizizi ingawa kipo. Majani machanga ndiyo yanayoonyesha kwanza: manjano kati ya mishipa, mishipa ikibaki na kijani chake. Midimu, gadenia na iksora huonyesha mapema.

Dondoshea udongo ndimu au siki. Ukitoa povu, hukumu imetoka. Ulizia kama chungu kiko chini ya ukuta uliopakwa chokaa karibuni, au kama maji yanatoka katika jabia lililosiribwa upya, maana yote mawili huongeza chokaa kwa miezi. Kisogeze, tumia maji ya mvua, na badilisha udongo wa juu kwa mboji na udongo wa shamba kutoka bara. Dawa ya chuma ya dukani iwe ya aina ya kileti, yaani chuma kilichokingwa kisifungwe na udongo, na kwenye udongo wa chokaa ile inayoandikwa EDDHA ndiyo inayodumu. Salfeti ya chuma hufungwa na chokaa kabla ya kufika kokote. Majani yaliyokwisha kuwa manjano huenda yasirudi vizuri. Tazama yale yanayochipua baada ya dawa.

Majani ya chini, yale makuukuu, yakiwa manjano kote bila mishipa kubaki kijani, na ua limehamishwa miezi mingi iliyopita, hapo ndipo samadi iliyoiva inapostahili. Lakini udongo ukiwa umelowa, rudi kwanza kwenye mizizi.

Limepukutisha majani yote

Tofauti na kunyauka, hapa majani yanaanguka, mengine yakiwa bado kijani. Bogenvilia hufanya hivi kwa kuhamishwa tu, na hata kwa kubadilishiwa upande wa jua. Kwangua gome. Pakiwa kijani, punguza maji kulingana na majani yaliyobaki, kwa kuwa kijiti kisicho na majani hakinywi, na subiri. Wiki tatu hadi sita bila chipukizi si ajabu.

Ikiwa ni Juni au Julai na ua liko darini, kusi ndiyo yenye kosa. Kwa sababu hiyo nashauri kugawa majira ya kuhamisha: ya ardhini na ya kiwandani, yaani uwanja wa ndani ya nyumba, yahamishwe masika yakianza, Aprili na Mei, mvua ikiwasaidia, ya darini yasubiri kusi ipoe na vuli ifike, Oktoba na Novemba, yapate wiki kadhaa za kushika kabla ya kaskazi. Januari hadi Machi usihamishe kitu ila kwa dharura.

Waridi la jangwani, lile la shina nene, hupukutisha majani lenyewe wakati wa ukavu. Limezaliwa na tabia hiyo, na ni mmea wa asili ya Afrika Mashariki. Bonyeza shina. Likiwa gumu, liache na maji machache sana. Likiwa linabonyea, limeoza. Kata hadi ufike penye nyama safi, acha kidonda kikauke siku kadhaa kivulini, ndipo upande. Vaa glavu, kwa sababu utomvu wake ni sumu.

Halikui wala halichanui

Hapa wanaolalamika zaidi ni wenye asumini, na nawaelewa: ua lisilotoa maua ya kutosha kikuba kimoja, kile kishada cha kujipamba, linasononesha. Sababu ya kwanza ni mwanga. Kiwanda cha ndani chenye kuta ndefu hupata jua la utosini tu, labda saa mbili. Asumini hutaka saa nne na zaidi za jua la moja kwa moja, bogenvilia sita. Siku moja weka alama kwa chaki mahali jua lilipo kila saa, utashangaa.

Sababu ya pili ni mizizi iliyozunguka. Mche uliokaa sana kwenye mfuko hufunga mizizi yake duara, na hata ukiupanda kwenye shimo kubwa, mizizi huendelea kuzunguka mle mle. Ukiutoa unaona umbo la mfuko bado lipo. Fumua kwa vidole, au pasua bonge ubavuni kwa kisu mara tatu au nne, kina cha sentimita moja au mbili, kutoka juu hadi chini. Asumini huvumilia hili vizuri. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge, lakini lisiwe na kina zaidi yake, ili mmea usizame udongo ukishuka.

Kisha kupogoa. Asumini huchanua kwenye chipukizi jipya. Usipoikata, inarefuka na kuchanua nchani tu. Ipogoe baada ya wimbi la maua, ipe samadi kidogo, na matawi mapya yatakuja na matumba. Samadi ikizidi, majani yatanawiri na maua yatakosekana. Bogenvilia nalo hali hiyo hiyo, na tena huchanua zaidi likiachwa likauke kidogo kati ya kumwagilia na kumwagilia.

Mimea laini haivuki mwaka

Miongozo mingi ya kuvusha mimea laini imeandikwa kwa nchi za baridi kama Uingereza, ambako mmea huingizwa ndani kabla ya barafu, hunyimwa maji na kulazwa hadi joto lirudi. Ushauri huo kwao ni sahihi. Hapa, hata Julai usiku joto hubaki juu ya nyuzi 20, na anayeufuata mwongozo huo kwa tarehe zake anaikausha mimea bila sababu. Msimu wetu wa kuvusha ni kaskazi: jua kali, ukavu, chumvi kisimani.

Begonia, fuksia na jeranium kutoka nyanda za juu hushindwa na usiku wa joto hata zikipewa kila kitu. Fuksia sishauri kuileta kabisa. Jeranium na begonia ziweke upande wa asubuhi wa kiwanda, na mwishoni mwa vuli kata vipandikizi vya sentimita 10 chini kidogo ya kifundo, uvichomeke katika mchanga uliooshwa, kivulini. Mama akifa kwa joto, watoto wapo. Mrehani vivyo hivyo: hauishi miaka mingi, ukiacha uchanue na kutoa mbegu unazeeka. Dona vichwa vya maua, na kila baada ya miezi michache otesha vijiti vipya katika gilasi ya maji. Hutoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili.

Kaladiamu ikikauka majani, haijafa. Kiazi chake kimelala. Weka chungu kivulini, usikimwagilie, na mvua ikikaribia anza tena.

Wadudu

Angalia nyuma ya majani na kwenye maungo. Pamba nyeupe ni kimatira. Utando mwembamba na vidoa vidogo vya manjano ni utitiri mwekundu, ambao huzidi wakati wa ukavu. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani, jua kuna kimatira au wadudu magamba juu wanaowapa utamu. Osha kwanza kwa maji ya nguvu. Kisha kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, jaribu kwenye jani moja, na nyunyiza jioni, kila siku tano hadi saba, mara tatu. Mwarobaini pia hufanya kazi.

Mizizi yenye vinundu vilivyovimba ni minyoo fundo. Hakuna dawa ya nyumbani inayoiponya. Choma mmea, usiutumie udongo huo tena chunguni. Mchwa kwenye shina huja kwa mmea ambao tayari umedhoofika au kwa matandazo yaliyolundikwa hadi shinani, kwa hiyo yaache mbali na shina kwa upana wa kiganja.

Dawa kali za dukani usizitumie kwenye mrehani unaoliwa wala asumini inayovaliwa nyweleni. Kwingine, nunua iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu ya Kenya, yenye lebo yake, na usikubali ya kupimiwa kwenye chupa ya soda.

Simama, mwite mwenye kazi yake

Uzito wa dari. Chungu cha lita 20 kikilowa ni kilo 30 na zaidi. Nusu pipa la lita 100 linapita kilo 150. Dari za nyumba za kale zimebebwa na boriti za mikoko, na juu yake kuna matumbawe na chokaa ambavyo tayari ni vizito. Vyungu vikubwa vikae kandokando ya kuta, kamwe visiwe katikati ya chumba. Ukiona ufa mpya, chokaa inadondoka chumba cha chini, boriti imepinda au kuna doa la maji, watoe watu chumba hicho na umwite fundi wa nyumba za mawe kabla ya kuhamisha chochote. Mji wa kale uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na matengenezo yake yashauriwe na ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa.

Mizizi ndani ya ukuta, jabia au birika. Usiivute. Mti ulioota kwenye ufa wa matumbawe unaweza kuwa ndio unaoshikilia mawe yaliyolegea. Kata matawi tu upunguze uzito wa juu, halafu subiri fundi.

Utomvu. Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20 na uende hospitali mara hiyo hiyo, hata maumivu yakipoa. Oleanda ni sumu kuanzia mizizi hadi ua, kwa mtu na kwa mnyama. Ukipogoa, usitupe matawi kichochoroni. Punda hula, na majani machache yanaweza kumuua. Mtoto akitafuna, usingoje dalili, mpeleke hospitali pamoja na jani lililobaki mkononi.

Na kama mimea ya aina mbalimbali inakufa pamoja, katika nyumba zaidi ya moja, hilo limepita uwezo wa kiwanda chako. Mwone afisa wa kilimo wa wadi, ambaye anaweza kukuelekeza kwa watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kule Mtwapa. Mpelekee mizizi na udongo wake kwenye mfuko wenye unyevu, majani mabaya na mazima ndani ya gazeti, chupa ya maji unayomwagilia, na maandishi ya lini ulihamisha, lini dalili ilianza, na kila kitu ulichotia chunguni tangu siku hiyo.